Wasomaji Wauliza: Mtafiti wa kinga ya mwili hufanya nini siku nzima?

Mwezi huu barua nyingi zilizofika mezani kwangu zilizunguka jambo moja, ingawa walioziandika hawajuani: maisha ya mtu aliyechagua kuchunguza kinga ya mwili na molekuli zinazoiendesha. Nimechagua nne. Kwa kuwa nilikaa miaka kadhaa katika maabara ya mji huu kabla ya kuingia katika uandishi, wasomaji wanivumilie pale nitakaposimulia niliyoyaona badala ya kujibu kwa mkato.

“Mwalimu, pokea salamu zangu. Binti yangu wa kwanza amepata diploma ya taifa mwaka huu katika kitengo cha biolojia na kemia, na amefaulu vizuri. Sisi wazazi tulikubaliana na wajomba zake kwamba asome udaktari wa kutibu watu, lakini yeye anasema anataka kuwa mtafiti wa kinga ya mwili, na anataja pia biolojia ya molekuli. Mjomba wake mkubwa amesema waziwazi kwamba utafiti hauleti bugali mezani. Naomba utueleze bila kutuficha: mtu wa kazi hiyo hufanya nini tangu asubuhi hadi jioni? Hayo mawili anayoyataja ni somo moja au masomo mawili? Na je, hapa Bukavu kuna njia, au ni lazima tuuze shamba la Walungu ili aende ng’ambo?” — Mama wa Kadutu, Bukavu

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kuuza shamba. Wengi huuliza baadaye. Niruhusu nianze na swali lako la katikati, kwa sababu jibu lake litawaonyesha ninyi wazazi kile ambacho binti amekiona.

Ni masomo mawili yaliyooana ukubwani. Imunolojia, yaani elimu ya kinga ya mwili, huuliza jinsi mwili unavyomtambua mgeni, unavyopambana naye, na unavyomkumbuka akirudi miaka mingi baadaye, ndiyo maana mtoto aliyeugua surua mara moja haiugui tena. Biolojia ya molekuli hushuka chini zaidi: husoma DNA, ambayo ni maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, na jinsi maandishi hayo yanavyogeuzwa kuwa protini zinazofanya kazi. Kwa muda mrefu watu wa somo la kwanza na watu wa somo la pili walikuwa kila mmoja na meza yake. Kilichowakutanisha ni fumbo la hesabu. Mwili wa binadamu unaweza kutengeneza kingamwili, protini zile zinazokamata vijidudu, za aina mamilioni kwa mamilioni, hata dhidi ya vijidudu ambavyo haujawahi kukutana navyo. Lakini jeni zinazobeba maagizo ya protini katika DNA yetu ni kama 20,000 tu. Basi maagizo ya kingamwili zote hizo yameandikwa wapi?

Aliyelifumbua fumbo hilo hakusomea imunolojia. Susumu Tonegawa alizaliwa Nagoya, Japani, mwaka 1939, akasoma kemia katika Chuo Kikuu cha Kyoto, kisha akaenda San Diego, Marekani, alikopata shahada ya udaktari katika biolojia mwaka 1968. Muda wake wa kukaa Marekani ulikuwa unamalizika mwishoni mwa 1970, na aliyekuwa mkuu wake wa maabara, Renato Dulbecco, ndiye aliyemshauri ajaribu bahati yake katika taasisi mpya ya imunolojia iliyokuwa Basel, Uswisi. Alifika huko mapema 1971 akijua mengi kuhusu DNA na machache sana kuhusu kinga. Kwa hiyo, Mama, mtu aliyeigeuza elimu ya kinga aliingia humo kwa sababu ya karatasi za uhamiaji, jambo ambalo watu wa mji wetu hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Jaribio alilolitangaza mwaka 1976 pamoja na Nobumichi Hozumi nalipenda kwa sababu mtu anaweza kulieleza jikoni. Walichukua DNA ya kijusi cha panya, ambacho bado hakijaanza kutengeneza kingamwili, na DNA ya uvimbe uliotokana na seli za panya mkubwa zinazotengeneza kingamwili. Kila DNA waliikata kwa kimeng’enya, yaani protini inayofanya kazi kama mkasi, ambacho hukata mahali penye herufi zilezile daima, wakavipanga vipande kwa ukubwa ndani ya jeli, kisha wakatafuta vipande viwili vya jeni ya kingamwili: kile kinachobadilika kutoka kingamwili moja hadi nyingine, na kile kisichobadilika. Katika kijusi, viwili hivyo vilikuwa mbalimbali. Katika seli za kingamwili vilikutwa pamoja, ndani ya kipande kimoja cha DNA. Maana yake ni kwamba seli ya kinga, inapokomaa, hukata na kuunga DNA yake yenyewe, kama mshonaji wa Kadutu anayechukua kipande kutoka robota hili na kingine kutoka lile, akaviunga, na kilichokuwa katikati akakitupa. Kwa mabaki machache ya vitenge unaweza kupata mashati yasiyofanana hata mawili. Mwaka 1987 Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, na alipewa peke yake, jambo ambalo ni nadra katika sayansi ya siku hizi.

Ndiyo maana binti yako anayataja masomo hayo mawili kwa pumzi moja. Swali lilikuwa la imunolojia, na chombo cha kulijibu kilitoka katika biolojia ya molekuli.

Sasa siku ya mtafiti. Wengi hudhani ni mtu aliyeinamia darubini hadi jua linapotua, na mimi katika miaka yangu niliigusa darubini mara chache kuliko nilivyogusa kalamu. Asubuhi kitu cha kwanza ni friza: unasoma joto, unaliandika, unatia sahihi. Kisha unatoa seramu za wagonjwa, yale maji ya manjano ya damu yaliyotenganishwa na chembe nyekundu, na kuzitia katika kisahani chenye vishimo 96, kila kimoja kidogo kuliko ncha ya kidole chako. Kama unatafuta kingamwili dhidi ya kijidudu fulani, ndani ya vishimo umekwisha kupaka protini ya kijidudu hicho. Unaosha, unangoja, unaongeza kitu cha kutia rangi, unaosha tena. Halafu unakaa na kutazama. Vishimo vyenye kingamwili huanza kugeuka buluu taratibu, na ukitia asidi ili kusimamisha kazi, buluu ile inageuka manjano mara moja. Siku ya kwanza nilipoona safu nzima inageuka manjano huku vishimo vya ulinganisho vikibaki vyeupe kama maji, nilimwita mlinzi wa mlango aje aone, kwa kuwa wenzangu walikuwa wamekwenda kula.

Lakini siku za namna hiyo si nyingi. Zaidi ni kurudia, kwa sababu jaribio lililofaulu mara moja halijafaulu bado. Mchana ni hesabu, ni kuandika, ni kujaza fomu za kamati ya maadili ambayo lazima iridhike kwamba mgonjwa ameelezwa kwa lugha anayoielewa kabla hajatolewa damu, na ni kuandika maombi ya fedha ambayo mengi yatakataliwa. Mtu asiyependa kuandika ataichukia kazi hii hata akipenda sayansi.

Tena kuna hasara zisizo na mkosaji wa kushtakiwa. Katika maabara moja niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja, delestaji, yaani mgao wa umeme, ilichukua siku mbili, na jenereta ilipotakiwa kuwashwa usiku, ufunguo wa chumba chake ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda msibani Kabare. Friza ya digrii 80 chini ya sifuri ilipanda polepole hadi barafu ikaanza kutona sakafuni. Tulikuwa na trei nne za seli za damu za watoto, zilizokusanywa kwa muda wa mwaka na nusu kutoka kwa akina mama waliokuja kwa miguu. Seramu tuliweza kuziokoa kwa sehemu, kwani kingamwili huvumilia kidogo. Seli zilikufa zote. Mwenzangu mmoja aliacha utafiti mwezi uleule na kufungua duka la dawa. Simlaumu, na duka lake linakwenda vizuri.

Kuhusu bugali, mjomba hakukosea kabisa. Asistanti wa chuo kikuu katika nchi yetu hulipwa kidogo na wakati mwingine huchelewa kulipwa, na mtafiti huishi zaidi kwa miradi ambayo ina mwanzo na mwisho. Ngazi nayo ni ndefu: kwa mfumo wa LMD ni miaka mitatu ya lisanse, miwili ya masta, halafu udaktari wa utafiti usiopungua miaka mitatu na mara nyingi unaozidi. Hata hivyo, mzozo wa familia yenu una njia ya kutokea ambayo hamjaitaja. Wengi wa watafiti wakubwa wa Kongo walisoma kwanza utabibu, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe nitakayemzungumzia hapo chini. Binti akisoma utabibu hapa hapa mjini, kwa mfano katika Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu, atakuwa na kazi mkononi na mlango wa utafiti utabaki wazi. Akiona moyo wake hauko kitandani mwa mgonjwa, Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu kina biolojia, na kule Lwiro, kilomita zisizofika hamsini kutoka hapa, kuna kituo cha utafiti wa sayansi asilia ambacho chimbuko lake ni la mwaka 1947. Njia ya biolojia ni fupi kufika maabara, ila ni nyembamba zaidi siku mradi unapokatika.

Shamba la Walungu liacheni lilimwe. Ng’ambo kuna faida yake, lakini faida hiyo huja wakati wa udaktari na si wakati wa lisanse, na udaktari huo mara nyingi hulipiwa. Wabelgiji, kupitia mashirika ya vyuo vikuu vyao, ARES kwa upande wa wazungumzaji wa Kifaransa na VLIR-UOS kwa upande wa Waflemi, wamekuwa wakiwasomesha Wakongo wengi kwa mpango wa kupokezana: miezi kadhaa kule kwenye mashine, miezi kadhaa hapa kwenye wagonjwa. Mpango huo naupenda kwa sababu swali la utafiti linabaki la hapa. Niliwaona vijana walioondoka na swali la Bukavu wakarudi nalo, na niliwaona walioondoka mikono mitupu wakapewa swali la Ulaya, wakabaki nalo huko.

“Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa masta. Tunaambiwa kwamba PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya kijidudu, haikosei, lakini nimesikia kwamba mpox ya Kamituga, ule ugonjwa wa malengelenge, iliponyoka kwenye kipimo. Iliwezekanaje? Na je, inafaa mtu ajenge maisha yake ya kazi juu ya chombo kinachokosea?” — Mwanafunzi, Ibanda

Ndugu mwanafunzi, PCR haikukosea. Ilijibu swali ililoulizwa. Unajua kwamba kipimo hicho hufanya kazi kwa praima, vipande viwili vifupi vya DNA tunavyovibuni ili vikae pembeni mwa sehemu tunayoitafuta, na kila mzunguko huzidisha sehemu hiyo mara mbili, hivi kwamba mizunguko 30 iliyokwenda sawasawa hugeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni. Praima isipopata mahali pa kukaa, hakuna kinachozidishwa, na mashine inanyamaza. Ukimya huo unamaanisha tu kwamba sehemu ile haikuonekana. Haumaanishi kwamba kirusi hakipo.

Hilo ndilo lililotokea. Kuanzia Septemba 2023, katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Kamituga, wilayani Mwenga, walianza kuonekana wagonjwa wa mpox ambao wengi wao walikuwa watu wazima. Kipimo cha jumla cha mpox kilisema ndiyo. Kipimo mahususi cha kutambua tawi la I, tawi lililozoeleka Kongo miaka yote, kilisema hapana. Mtu mwenye haraka angeandika “si tawi la I” na kufunga daftari. Waliosoma maandishi yote ya kirusi, ambayo ni herufi kama 197,000, walikuta kwamba ni tawi la I hasa, isipokuwa limepoteza kipande cha herufi zaidi kidogo ya 1,100, na ndani ya kipande hicho ndimo kipimo kilimokuwa kimeweka mguu wake. Ndipo likapewa jina la tawi la Ib, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa.

Lakini hapo ndipo utamu wa kazi yako unapoanzia, na ningesikitika kama ungebaki na habari ya kipimo pekee. Jeni iliyopotea ilikuwa ya kutengeneza protini ambayo kirusi huitumia kuzuia komplementi, lile kundi la protini za damu yetu ambazo hujishika juu ya kijidudu na kukitoboa. Yaani kirusi kilikuwa kimetupa mojawapo ya ngao zake dhidi ya kinga, na bado kikaendelea kuenea. Swali la kwa nini ni la imunolojia, na halijibiwi kwa PCR.

Alama ya pili ni nzuri zaidi. Ndani ya seli zetu kuna vimeng’enya vya kinga viitwavyo APOBEC3, ambavyo huivamia DNA ya virusi na kuharibu herufi zake kwa mtindo unaojulikana: herufi C inayofuata T hugeuzwa kuwa T. Kirusi kinachofika kwa binadamu kutoka kwa mnyama na kuishia hapo hakibebi alama nyingi za namna hiyo. Katika virusi vya Kamituga mabadiliko ya mtindo huo yalikuwa mengi, na kutokana nayo watafiti walisoma kwamba kirusi kilikuwa kikipita kutoka mtu hadi mtu, hakikuwa kinaletwa upya na wanyama wa porini kila mara. Hebu fikiria: kinga ya wagonjwa wenyewe ilikuwa imeandika historia ya ugonjwa ndani ya maandishi ya kirusi, na ilihitaji mtu anayejua masomo yote mawili ili aisome.

Kwa hiyo usijenge maisha yako juu ya chombo. Nilipoanza kazi tulijivunia mashine ambayo leo inakaa ghalani ikiwa imefunikwa kwa turubai, na waliojifunza mashine hiyo peke yake walizeeka pamoja nayo.

“Mwalimu, hapa Goma tuliishi na hofu ya Ebola mwaka 2019. Watu wanasema dawa yake ilitokana na damu ya Mkongo. Ni kweli, au ni maneno ya kijiweni? Na kama ni kweli, sisi tulipata nini?” — Msomaji wa Birere, Goma

Ni kweli, ndugu, na habari yenyewe ni ndefu kuliko maneno ya kijiweni, maana inachukua miaka zaidi ya arobaini ya maisha ya mtu mmoja.

Jean-Jacques Muyembe Tamfum, aliyezaliwa mwaka 1942 katika eneo la Bandundu, alisoma utabibu katika chuo kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa, akapata udaktari wa virolojia, yaani elimu ya virusi, huko Leuven, Ubelgiji, akarudi nyumbani. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, ambako watu walikuwa wanakufa kwa homa isiyojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu, na aliona kwamba mahali sindano ilipoingia damu haikuwa inakoma kutoka. Alirudi Kinshasa pamoja na mtawa mgonjwa, na damu ikapelekwa Ubelgiji, na huko ndiko kirusi kipya kilikoonekana. Jina la Ebola lilivuma. Jina lake yeye lilibaki nyuma kwa muda mrefu.

Mtu mwingine angeliacha jambo hilo. Mwaka 1995 Ebola ilipozuka Kikwit, Muyembe na wenzake walijiuliza swali rahisi la imunolojia: kama aliyepona ana kingamwili katika damu yake, je, damu hiyo inaweza kumsaidia anayeugua? Waliwapa wagonjwa 8 damu ya waliopona, na 7 kati yao waliishi. Wanasayansi wa nje hawakuridhika, na kwa haki yote sababu yao ilikuwa na uzito: hapakuwa na kundi la kulinganisha, na baadhi ya wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kuvuka siku za hatari zaidi. Mimi naamini walikuwa sahihi kutilia shaka na Muyembe alikuwa sahihi kutokata tamaa. Wanafunzi wangu wa zamani walinichoka kwa kuwarudishia mfano huu.

Hapo inaingia biolojia ya molekuli. Mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu miaka 11 baadaye, na seli zake za kumbukumbu zilikuwa bado zinakijua kirusi. Watafiti wa Marekani waliofanya kazi na Nancy Sullivan, pamoja na maabara ya Antonio Lanzavecchia huko Bellinzona, Uswisi, walizitoa seli hizo, wakasoma jeni za kingamwili zake, wakachagua moja iliyozidi nyingine, na kuitengeneza kwa wingi bila kuhitaji damu ya mtu tena. Ikaitwa mAb114. Hujishika kwenye sehemu ya kirusi ambayo ndiyo ufunguo wa kuingilia seli, ikaifunika. Tazama kwamba hii ni kazi iliyowezekana kwa sababu Tonegawa, niliyemtaja kwa Mama wa Kadutu, alikuwa ameonyesha kwamba kila seli ya aina hiyo hubeba jeni za kingamwili yake iliyojishonea yenyewe.

Kisha ikaja hiyo Ebola unayoikumbuka, iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, ikawapata watu 3,470 pamoja na Ituri, na kuwaua 2,287. Jaribio la kulinganisha dawa nne lilianza Novemba 2018 huko Beni, likaenea hadi Butembo, Katwa na Mangina, na lilipewa jina la Kiswahili ambalo wengi hawalitambui lilivyofichwa katika herufi PALM: Pamoja Tulinde Maisha. Muyembe alikuwa mmoja wa viongozi wake. Waliandikishwa wagonjwa 681, na Agosti 2019 dawa mbili dhaifu zilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Katika waliopewa ZMapp, dawa iliyokuwa kipimo cha kulinganishia, walikufa asilimia 49.7, katika waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35.1, na dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, ilikuwa karibu sawa nayo, asilimia 33.5. Kwa wale waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, waliokufa baada ya kupewa mAb114 walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Desemba 2020 iliidhinishwa Marekani kwa jina la Ebanga.

Tulipata nini? Tulipata dawa inayoponya ugonjwa uliokuwa hukumu, na hilo mtu wa Birere hatalidharau. Tulipata pia desturi mpya: Muyembe, akiwa mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa kibiomedikali, INRB, alishikilia kwamba sampuli za damu za wagonjwa zibaki Kongo na zipimwe Kongo, na leo INRB ina maabara hapo hapo Goma, si Kinshasa peke yake. Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Dawa yenyewe hutengenezwa nje, leseni yake iko kwa kampuni ya Marekani, na kama kesho tutaihitaji itabidi iletwe kwa ndege. Kingamwili ilitoka kwetu, kiwanda hakijatoka kwetu, na kijana anayechagua njia hii ajue kwamba nusu hiyo ya pili ya kazi bado haina mtu.

“Mwalimu, nina miaka 38, nilisoma ufundi wa maabara katika chuo cha ufundi wa tiba, ISTM, na ninapima malaria na kisukari kila siku katika kituo cha afya. Je, nimechelewa kuingia utafiti? Na Kiingereza changu ni cha kubabaisha.” — Fundi wa maabara, Bagira

Hujachelewa, ndugu, na kuna jambo moja umewatangulia nalo madaktari wengi wa utafiti: mkono wako umekwisha kuzoea damu. Nimewaona wenye shahada kubwa wakitetemesha pipeti huku fundi wa cheo cha chini akigawa mikrolita tano katika vishimo 96 bila kukosea hata kimoja. Kiingereza utakihitaji kwa kusoma, kwa kuwa makala karibu zote zimo katika lugha hiyo, lakini ni Kiingereza cha maneno mia tatu yanayojirudia. Soma makala moja kwa juma, ileile, hadi uielewe, kisha uichukue nyingine.

Usiache kazi kwanza. Tafuta mtafiti ambaye tayari ana mradi unaohitaji kituo chako, kwani watu wa chuo wanakosa wagonjwa kama ninyi mnavyokosa mashine, na uombe kuwa mwenye dhamana ya sampuli. Wakati huohuo nunua daftari gumu lenye kurasa zilizoandikwa namba, si lile la kuchana karatasi. Kila siku andika saa uliyochukua damu, saa uliyoitenganisha, joto la friji asubuhi na jioni, namba ya toleo la kila kitendanishi ulichofungua, na kila kipimo kilichokushangaza hata kama ulikirudia kikawa sawa. Usifute kwa raba. Kata kwa mstari mmoja, uandike upya pembeni na utie sahihi. Likijaa, niletee ofisini kwetu, tulisome pamoja kabla hujajaza fomu yoyote ya chuo.